Mwaka Mama Alikonda

Harufu ya lengalenga yenye kuchemuka bila mafuta haipendezi. Inanuka sawa vile majani ya kunyeshewa yenye bantu balipita juu yake na miguu. Leo asubuyi ilinifuata mpaka ku kitanda. Nikaamuka, nikakuta mujukuu yangu mukubwa amechuchumaa mbele ya mbabula, anapepea makala, na sufuria yake inapumua.

«Uko napika nini bila mafuta?»

«Kambo, mi nataka kukonda. Banatufundisha mu telefone. Majani mingi, bukari kidogo, kutembea na miguu, na kula jua haijalala.»

Mu telefone. Nikabeba kiti yangu, nikaenda kuikala inje.

Na nyinyi wenye kusoma, ikaleni pia. Mi sikusoma sana. Nilifika mwaka ya ine ya primaire, kiisha nikaachia badogo yangu benchi. Lakini bana yangu bote balisoma, na huyu wa lengalenga iko ku université, mi njo nilimulea. Sasa banazani hii mambo ilianza nabo. Mi niliiona ku Kamalondo, mutaa ya utoto yangu, nikiwa mutoto wa meno kutoka.

Mama yangu alikuwa munene. Sisemi vile kwa kumutukana. Wakati ule, kusema bibi ya muntu ni munene ilikuwa kumusifu bwana yake. Na baba alikuwa fundi wa kushona, machini yake ilikuwa ku baraza, kando ya barabara. Hakuwa na kibao ya matangazo. Kibao yake ilikuwa mama. Kila libaya, ile blauzi ya kitenge, ya muundo mupya alianza kuishona ya mama, mama anaivaa siku ya mungu kwenda kusali, anatembea polepole, na kesho yake banamuke banafika na bitambaa ya bikwembe yabo mu kwapa, banataka ile ile. Baba alikuwa anawaachia kitambaa ya kutosha ndani ya mushono. Alikuwa anasema banamuke ya Kamalondo hawarudie nyuma kwa unene, banaenda mbele tu.

Kiisha miguu ya mama ikaanza kuvimba. Ukifinya na kidole, shimo inabaki. Kichwa ilimuuma kila asubuyi. Tukaenda hospitali, mi nilimushikia saki, mufuko yake. Muganga alimufunga ile kitambaa ya kupima damu ku mukono, ikakosa kuenea, akaleta ingine.

«Mama, damu yako iko napanda sana. Ukibakia na hizi kilo, moyo itasimama. Batoto yako iko ngapi?»

Mama akamwambia.

«Basi konda, juu yabo.»

Ku njia ya kurudi, mama alinishika bega. «Kabedi, hii maneno tutaambia baba yako peke yake. Mama Mukubwa akisikia niko mugonjwa, atakuja kunibeba.»

Mama Mukubwa ni dada yake, mukubwa wake. Na kubeba, muelewe vizuri. Kwetu, bibi akigonjwa nguvu, ndugu zake banakuja kumutoa kwa bwana, banaenda kumutunza kwabo. Batoto banabaki kwa baba. Bamoja banarudi. Bengine, bwana anachoka kungojea, na siku moja batoto banaonyeshwa mama mupya. Ku barabara yetu kulikuwa nyumba ya namna ile. Batoto yake balikuwa banakuja kukula kwetu.

Mama hakuomba dawa. Alisema mama yake kule mukini, ku kijiji yabo, alikufa muzee, mwembamba, na meno yote mu kinywa, na hakupanda hata siku moja ku balance ya kupima kilo. Alianza kuikala sawa vile ule muzee alikuwa anaikala. Bukari, ugali yetu, alikuwa anamega tonge mbili ndogo, sahani ingine yote ni lengalenga ao matembele, na chumvi na tomati, bila mafuta ya mawese. Chai alikunywa bila sukari, na uso alikunja sawa muntu mwenye kukanyaga musumari. Sombe, ile majani ya mihogo, zamani alinipatia mi nitwange. Sasa alininyanganya muchi, akatwanga yeye mwenyewe mpaka jasho inadondoka. Na jua ikianza kushuka, alizima mbabula. Jirani akileta karanga, alimwambia: «Pole, kinywa yangu imeisha kufunga duka.»

Ku soko alienda na miguu, na si kwa njia ya mufupi. Mi nyuma na saki. Hakusimama. Na ku Kamalondo, kusalimia muntu bila kusimama ni matusi. Jamo bila kusimama! Banamuke balikuwa banabaki na mukono juu, na habari yabo nusu mu kinywa. «Mama Kabedi, unakimbia nani?» «Nakimbia matako yangu,» alijibu, akapita. Mi nilikuwa nasikia haya, nachelewa nyuma kidogo ili bantu basijue niko naye.

Alikonda. Miguu ikarudi miguu. Asubuyi moja nilimuona anajifunga kamba ya viatu yeye mwenyewe, na alikuwa anacheka peke yake.

Lakini ku barabara bantu balianza kuangalia. Kwa bantu, mwanamuke mwenye kukonda iko na moja ya mambo tatu: njala, ugonjwa, ao bwana yake amepata nyumba ingine. Balikuja kutuangalilia ku madirisha. Baba alipunguza nguo ya mama ndani ya nyumba, mulango imefungwa, kwa sindano ya mukono, sababu machini ingesikilika. Bakiliya, benye kumushonesha nguo, bakapunguka. Mumoja alisema mbele yangu: «Ule mwanaume, bibi yake mwenyewe anapotelea mu nguo.»

Siku ya mungu moja, Mama Mukubwa alifika. Hakuja peke yake, alileta bajomba babili wa mama. Juu ya kichwa ya mutoto mwenye kumufuata kulikuwa beseni ya kufunikwa. Alikataa kuingia ndani. Alikalisha kiti katikati ya lupangu, kiwanja ya nyumba yetu, pale bajirani bote banaona, akafunua beseni. Bukari sawa mulima, na kuku nzima mu mawese.

«Shemeji,» aliambia baba, «tulikupatia mutoto mwenye kujaa. Unatubakishia mifupa. Mifupa tunayo kwetu.»

Baba aliangalia chini.

«Kama unakosa chakula, sema. Kama iko mugonjwa, sema pia. Tulikuja na bajomba yake, tunamubeba leo.»

Baba akafungua kinywa. Najua alitaka kusema maneno ya muganga. Mama alimutangulia.

«Yaya, mukubwa yangu, nani alikuambia niko mugonjwa?»

«Macho yangu.»

«Basi macho yako iangalie.»

Alinawa mikono. Akaikala chini, ku mukeka, na akaanza. Alimega tonge kubwa, ile ya zamani, alichovya mu mawese, alimeza. Ingine. Alikula kuku, alivunja mifupa, alifyonza. Bajomba balikuwa banaangaliana, banachekacheka. Mama Mukubwa alimusukumia beseni karibu. «Kula, mudogo yangu. Hivi njo nakujua.» Batoto tulisimama ku mulango. Mama alikuwa anatuangalia sisi, hakuangalia chakula. Beseni ikaisha, tukapewa kulamba mawese ku pembeni.

Jioni bajomba balirudi kwabo bila kubeba muntu.

Tokea pale, kila siku ya mungu Mama Mukubwa alifika na beseni, na alibaki mpaka iishe. Mama akanona tena. Bakiliya bakarudi. Bantu bakasema nyumba ile imetulia. Mama alibaki na sisi mpaka mudogo yangu wa mwisho akajua kujivalisha viatu. Kiisha asubuyi moja alianguka na fagio mu mukono, mbele ya mulango. Hakuamuka.

Ku kilio, banamuke balimuosha na balitoka banasema: «Alikufa na mwili yake. Hapa hakukuwa njala.» Mama Mukubwa alisema vile pia, na kiburi, akiangalia baba kwa heshima. Alimaanisha. Sikumuchukia, hata leo. Alipenda mudogo yake na mikono yake miwili, ile ya kubeba beseni.

Sikulia siku ile. Nilikuwa na batoto badogo ya kuogesha.

Ile siku ya mungu ya kwanza ya beseni, nilifurahi sana. Nilizani mama alikuwa na njala ya siku mingi, na sasa imemuishia. Nilienda kulala na furaha ile. Nilipata bwana, nikazaa, bamukwe bakaikala mu lupangu yangu na macho yabo, njo nikajua. Muntu anaweza kukula bila njala, tonge nyuma ya tonge, na akili yake yote, huku anajua kila tonge inamupeleka wapi, sababu batoto yake iko ku mulango na yeye hataki kutoka pale.