Bembea ya Osvald

Hilja ananichosha, niseme ukweli. Ni jirani yangu tangu tukiwa wasichana wa kiwanda cha maziwa hapa mjini Vanaoja, na sijawahi kumsikia akisema "naomba". Hata mumewe Osvald alipofariki, jiko bovu la chuma alilikokota mwenyewe hadi uani, sisi tukimchungulia madirishani.

Osvald ndiye aliyejenga bembea kubwa ya mbao chini ya magofu ya ngome, ile ambayo watu wanane husimama na kuisukuma kwa kukunja na kunyoosha magoti mkesha wa Mtakatifu Yohana, mwezi Juni, moto ukiwaka. Mwaka huu nguzo moja ilioza. Manispaa ikasema isipotengenezwa siku ya kazi ya pamoja, mwezi Mei, itakatwa.

Siku hiyo mji mzima hutoka na reki. Hilja akasukuma nguzo mpya kwa toroli, akapanga kahawa na keki ya jibini mezani, akasimama pale bembeani. Tulipita tukielekea kufyeka ngomeni, tukamwamkia kwa kutikisa kichwa, tukaenda zetu. Kwetu mtu aliyesimama peke yake huachwa peke yake, ndiyo adabu.

Jioni, mimi nikisikiliza dirishani kwangu, Endel, seremala, akapita.

"Bi Hilja, mbona wageni wako hawajatokea? Keki inakauka."

"Wageni gani? Nawangoja nyinyi tangu asubuhi!"

"Sasa si ungesema?"

"Kwani huna macho? Nguzo yote hii ulidhani kijiti cha meno?"

"Nimeiona. Nikajua hutaki kuingiliwa."

"Basi nenda."

"Nije kesho na wenzangu? Wewe sema tu."

Hilja akaanza kukusanya vikombe. Na Endel naye akaenda kweli! Nilitamani kuwagonganisha vichwa.

Jumatatu mafundi wa manispaa wakaja na msumeno. Mmoja akamuuliza kama ana la kusema.

"Kateni," akajibu.

Nyuma ya kila pazia tulikuwepo, tunangoja neno lake moja. Nilikuwa na hasira, na bado sikutoka.

Bembea ikaanguka, mafundi wakaondoka. Hilja akainua ubao wa kwanza, akayumba, akauweka chini. Akazigeukia nyumba zetu.

"Jamani," akaita, "naomba mnisaidie kubeba."

Milango yote ikafunguka papo hapo. Endel alitoka na nyundo mkononi.