Nyumba ya Detroit Isiachwe Tupu

Muulize mtu yeyote pale Sib, Oman, kuhusu Marhoon bin Aflah, atakwambia ni mtu wa watu. Haki yake apewe. Kazi ya serikali kaifanya kwa adabu mpaka kastaafu, watoto kawasomesha, na mgeni hajapata kugonga mlango wake akarudi bila kahawa. Ila kwa mdogo wake Suud alikosea, tena alikosea huku akijiona ana busara kutushinda sote.

Chanzo ni nyumba. Mwaka sitini na nne mzee wao alifunga milango ya nyumba yake Unguja, mtaa wa Vuga, akavuka na wanawe kwenda Mombasa. Alisema ni kwa muda mfupi tu, mambo yapoe. Hayakupoa. Wakaingia watu wengine, nyumba ikawa yao. Toka hapo mpaka anakufa, kwenye fleti ya kupanga Darsait, Maskati, mzee alikuwa na wimbo mmoja: "Tungelimwacha mtu mle ndani, hata mmoja, leo tungelikuwa na kwetu." Marhoon maneno yale yalimkaa.

Ujanani Marhoon alihangaika huku na huku mpaka akafika Marekani, Detroit, mji wa viwanda vya magari. Akapata kazi kiwandani, akanunua nyumba ya matofali mekundu yenye kibaraza mbele, akamwita na Suud. Mtaa ulikuwa umechangamka wakati huo, watu wanatoka zamu na kuingia zamu, watoto wamejaa njiani. Kisha Oman ikawafungulia watoto wake wa Afrika mlango, na Marhoon akafunga safari kwenda Maskati. Suud alitaka kufuatana naye.

"Wewe baki kidogo," Marhoon alimwambia. "Miaka miwili tu, nijue mambo ya huko yakoje. Nyumba isiachwe tupu."

Suud hakuwa mtu wa kumjibu kaka yake. Akabaki. Miaka miwili ikavuta mingine, Marhoon akaoa, akajenga Sib, akazaa, na Suud yuko pale pale kwenye kibaraza.

Wakizungumza kwa simu kila Ijumaa, baada ya laasiri, kule Marekani ndiyo kwanza watu wanaamka. Miaka ya tisini habari za Suud zilikuwa za kuondoka tu. Kiwanda chake kimefungwa, sasa anauza kwenye kituo cha petroli. Bibi wa Kipolandi aliyekuwa jirani kahamia kwa bintiye. Yule Myemeni wa duka la pembeni kabandika mbao madirishani, kajiendea zake. Skuli haina watoto, taa za barabarani haziwaki. Wezi wanaingia kwenye nyumba zilizohamwa, wanang'oa mabomba ya shaba ukutani.

Na Suud naye, kwa kuwa kafundishwa kulinda, akawa analinda mtaa mzima. Alikata majani mbele ya nyumba ambazo wenyewe hawajulikani waliko. Alivuta waya kutoka kwake mpaka kwa yule bibi, akawasha taa dirishani, na kila baada ya siku chache akaenda kubadilisha pazia, ili wezi wadhani mna watu. Marhoon alikuwa akiyasimulia haya majlisi, sebuleni kwake, na sisi tukicheka mpaka machozi. Nikikumbuka sasa naona haya.

Mwaka tisini na nne Suud alisema, kwa sauti ya kuomba, "Kaka, mie nnataka kurudi. Nnataka kuoa."

Aliyemtaka ni Mwanamize, binti wa mjomba wao, mwalimu wa skuli, akikaa Darsait. Walionana Suud alipokuja mara moja kumzika mzee, na tangu hapo salamu zilikuwa hazikatiki. Mwanamize aliporidhia, Mastura, mkewe Marhoon, alifurahi kama anayeozwa ni yeye. Akaanza kuchagua vitambaa.

Marhoon pia alifurahi, msimdhanie vibaya. Lakini alisema, "Subiri kwanza apatikane mtu wa kukaa."

Na mnunuzi alikuwapo. Muuguzi mmoja wa mtaa wa pili aliitaka ile nyumba, kaja kuitazama zaidi ya mara moja. Marhoon hakutaka kusikia. Sisi watu tuliopokonywa nyumba, alisema, tutauzaje nyumba kwa mikono yetu? Majlisi nzima ikaitikia kwa vichwa. Hapana hata mmoja wetu aliyemwambia kwamba Detroit si Unguja, na kwamba kule hapana aliyekuja kumpokonya mtu kitu. Watu walikuwa wanakimbia wenyewe.

Mtu wa kukaa hakupatikana. Nani aende kukaa mtaa ambao nusu yake imezibwa mbao? Mwanamize alingoja, tena alingoja kwa heshima, mpaka siku moja jikoni akamuuliza Mastura, "Wifi, hivi mie nnaolewa na mwanamme au nnaolewa na nyumba?" Mwaka haukwisha, Mwanamize akaolewa na mgane mmoja wa Bustan.

Marhoon ndiye aliyempa Suud habari.

"Mungu awape kheri," Suud alisema. "Kaka, hapa imeanguka theluji nyingi. Wacha nikaiondoe mlangoni." Akaaga. Hakutaja kurudi tena.

Miaka ikapita hivyo. Ulipofika ule wakati benki za Marekani zinaanguka na makampuni ya magari yanaomba kuokolewa, upande mzima wa mtaa ulikuwa na nyumba moja yenye mtu, nayo ni ya Suud. Wakati huo Marhoon mwenyewe alikubali kuuza. Hata wa kuipokea bure hakuonekana.

Majira ya baridi moto ukashika kwenye ile nyumba tupu ya bibi wa Kipolandi, ukavuka. Suud alitoka na koti lake tu. Alipiga simu, na haikuwa siku ya Ijumaa.

"Kaka, niwie radhi," alisema. "Nyumba imenipotea."

Marhoon alikaa chini palepale, mkonga wa simu mkononi, akalia kama mtoto. Mastura alipoelezwa alimgeukia mumewe. "Yeye ndiye anayeomba radhi?" akasema, akaingia zake ndani.

Suud alifika Maskati ndevu nyeupe, koti lile zito mkononi, na joto letu unalijua. Walimpa chumba kizuri, watoto wa Badr, mwanawe Marhoon, wakampenda. Hakumlaumu mtu. Ila hakutoka. Wakienda harusini, yeye kabaki. Wakienda Darsait kutazama jamaa, kabaki, na wakirudi wanakuta taa zinawaka kila chumba.

Ikaja Idi. Nyumba nzima imevaa, udi umefukizwa, Badr kawasha gari. Suud naye kavaa kanzu mpya na kofia, lakini kaweka kiti mlangoni, kakaa.

Marhoon alimwendea. "Suud, twende. Iache nyumba." Ndiyo maneno aliyotakiwa kuyasema zamani.

Suud alimtazama kwa upole, hana kinyongo hata chembe.

"Nyie tangulieni, Kaka. Mie nitakuja, akipatikana mtu wa kukaa."

Marhoon alimpungia Badr mkono aende. Akavuta kiti kingine, akakaa mlangoni karibu na mdogo wake, na swala ya Idi ya mwaka ule ikampita.