Kuuliza Njia ya Mlima Musozi

Safari hii chanzo chake ni mchakamchaka. Tulipokuwa shule ya msingi hapa Biharamulo, kila asubuhi darasa zima lilikimbia likiimba kuzunguka uwanja, na Regina peke yake alikaa kwenye ngazi ya ofisi akilinda madaftari yetu, kwa sababu ya pumu. Miaka saba alilinda madaftari. Sasa ni mtu mzima, fundi cherehani, na mimi nauza vitenge katika duka la baba. Siku moja, akiwa anapima kitambaa, aliniambia bila kuinua kichwa, "Salma, nataka kupanda mlima mmoja kabla sijazeeka. Mmoja tu."

Nilidhani ni utani. Kumbe alikuwa ameshazungumza na Mabula.

Mabula naye tulisoma pamoja. Wazazi wake walihama kutoka Shinyanga wakapata mashamba Nyamahanga, na siku hizi yeye ananunua maharage upande wa Ngara. Ndiye aliyeuona mlima. Alikuwa Kasulo anapakia magunia, akauona kwa mbali, mrefu, umekaa peke yake nyuma ya vilima vingine. Akamwuliza mzee mmoja aliyepita, ule unaitwaje. Mzee akamjibu, "Musozi." Basi nikaandika kwenye daftari kwa herufi kubwa, MLIMA MUSOZI, na chini yake orodha ya vitu vya kubeba.

Mnaonijua mnajua kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Baba husema wasiwasi ndiyo akili. Mimi naona kama ingekuwa akili, ingeniacha nilale. Niliogopa nyoka, niliogopa maji machafu, lakini zaidi ya vyote niliogopa kifua cha Regina. Kwa hiyo nilimwambia ile dawa yake ya kupuliza, ambayo sisi huiita pampu, nitaibeba mimi.

"Kifua ni changu," alisema.

"Na kupoteza vitu ni kazi yako," nikamjibu. Nikaitia kwenye mkoba wangu pamoja na bandeji.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, tuliondoka Biharamulo kwa gari dogo. Tulipita Lusahunga, tukapita Nyakahura, na kabla ya saa sita tulikuwa tumeshuka Kasulo tukiwa na vumbi hadi kwenye kope. Ulikuwa wakati wa kiangazi, nyasi zimekauka, na huku na huku moshi ulipanda kutoka sehemu watu walikochoma majani. Regina alijifunga kitenge puani. Nilimtazama kila alipokohoa, mpaka akaniambia nitazame barabara.

Tulilala hapo, na Ijumaa pikipiki zikatufikisha mwisho wa njia yao. Kutoka hapo tulitembea kwa miguu kutwa nzima, mizigo mgongoni, tukipita mashamba ya muhogo na migomba. Mabula alikuwa na kazi ya kutuongoza, na mimi nilikuwa na kazi ya kuuliza kama ana uhakika. Mchana simu zetu zilituletea ujumbe wa kutukaribisha nchi jirani, kwa sababu mnara wa ng'ambo ulikuwa na nguvu kuliko wa kwetu. Baada ya hapo haikupatikana simu ya kwenda popote.

Saa kumi na moja jioni tulifika kitongoji cha mwisho chini ya mlima. Tulikwenda kujitambulisha kwa mwenyekiti, Mzee Gervazi, tuliyemkuta anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmetoka wapi?"

"Biharamulo."

"Mmetoka mbari. Mmepotewa na ng'ombe?"

Mabula alimweleza kwamba hatujapotewa na kitu, tumekuja kupanda mlima ule, akaunyooshea kidole.

"Kuna nini kure juu?"

"Hakuna kitu, mzee. Kupanda tu."

Mzee Gervazi alimgeukia mke wake, Mama Leonsia, akamweleza kwa Kihangaza. Mama alicheka mpaka akajifuta macho, kisha akatupa chumba. Sisi tumezoea kumcheka Mabula, ambaye kwake kila r ni l. Usiku ule, kati yake na wenyeji wetu ambao kwao kila l ni r, nilihisi herufi zote zimepata mwenyewe.

Tulikula ndizi na maharage karibu na jiko. Moshi wa kuni ulimbana Regina kifua. Nilimpa pampu, akapuliza mara mbili, nikaipokea na kuirudisha kwenye mkoba wangu. Nakumbuka alibaki ameunyoosha mkono kidogo, kama anayengoja chenji.

Jumamosi, kabla ya jua, kifua chake kilikuwa bado kinapiga filimbi. Nikaamua.

"Wewe baki. Tutapanda sisi, tutakuletea picha."

Hakubishana. Alikaa kwenye kizingiti cha nyumba akatutazama tukifunga mizigo, na mimi, Mungu anisamehe, sikukumbuka ile ngazi ya ofisi. Mabula aliikumbuka. Tulipofika bondeni aliniambia, "Salma, tumemwachia madaftali tena."

"Afadhali madaftari kuliko jeneza," nikamwambia, na tukaendelea.

Saa tano tulifika juu. Ningependa kuwaeleza uzuri wa kule, upepo, na jinsi nchi inavyojikunja vilima juu ya vilima hadi macho yanachoka. Lakini sikuuona. Kisigino cha Mabula kilikuwa kimechubuka, nikaingiza mkono kwenye mkoba kutafuta bandeji, na kitu cha kwanza nilichoshika kilikuwa pampu.

Nilikaa chini. Nilikuwa nimemwacha mgonjwa ili apone, nikaondoka na dawa yake. Alivaa kiatu juu ya kidonda, akaanza kushuka.

Saa nane na nusu tuliingia uwanjani kwa Mzee Gervazi. Kizingiti kilikuwa kitupu. Mzee alikuwa amekwenda kikaoni, na Mama Leonsia alikuwa anapepeta maharage.

"Hamkukutana?" aliuliza. "Mwenzenu aritoka jua rikiwa pare." Alionyesha usawa wa saa tatu. "Arisema kifua kinabana, dawa mnayo nyinyi. Nirimwambia ngoja, akasema hawezi kungoja amekaa."

Nilimwuliza kama alimwonyesha njia.

"Nirimwonyesha mpaka bondeni. Mbere arisema atauriza."

Bondeni njia inagawanyika kuwa tatu. Tulichukua ya kwetu na hatukuona alama ya raba zake, tukarudi, tukachukua ya pili. Huko tulimkuta mwanamke anamenya muhogo. Alimwona, ndiyo, msichana mwenye kitenge cha njano, anatembea polepole na kusimama.

"Ariuriza Musozi uko wapi. Nikamwambia, si huu hapa?"

Akatuonyesha kilima kilichokuwa nyuma ya nyumba yake. Hakikuwa mlima wetu, wala hakikufanana nao. Nilidhani mama wa watu amechanganyikiwa. Mabula alikunja uso, tukakimbilia kule.

Chini ya kilima hicho palikuwa na baba mmoja na mbuzi zake. Naye alikuwa amemwona.

"Aritaka kupanda Musozi. Huu una mawe, angevunjika. Nikamwambia aende ure." Akanyoosha fimbo yake kwenye kilima kingine kabisa, cha upande wa kushoto.

Mabula alisimama. Aliuliza taratibu, kama mtu anayeogopa jibu, "Mzee, kwani Musozi ni upi?"

"Yote." Fimbo ilizunguka. "Huu umusozi. Ure umusozi. Na ure kure, umusozi."

"Na ule mlefu?"

"Ure ni umusozi mkubwa."

Mabula alishika kichwa kwa mikono miwili. "Salma, Musozi ni mlima tu. Kwetu tunasema lugulu. Mimi nilimwuliza mzee wa watu kitu kile kinaitwaje, akaniambia kinaitwaje."

Siku mbili nzima tulikuwa tunakwenda Mlima Mlima. Na rafiki yetu, kifua kimebana, alikuwa anapita kwa watu akiwauliza mlima uko wapi katika nchi ambayo ukisimama popote unaona mlima. Nilianza kuvihesabu vilima nilivyoviona kutoka pale. Nilipofika kumi na kimoja niliacha, kwa sababu kando ya kile alichoelekezwa palikuwa na moshi. Mtu alikuwa amechoma nyasi, na upepo ulikuwa unausukuma moshi ule kuelekea juu.

Nilikimbia. Sikujua kama naweza kukimbia hivyo. Mabula alikuwa nyuma akichechemea na kuita jina la Regina, na kilima kilitujibu sauti yake mwenyewe tu. Nililia huku napanda, nawaambieni ukweli, na niliomba kwa maneno ambayo sikumbuki hata moja. Nilijiona nimesimama mbele ya mama yake Regina na pampu mkononi, ikiwa nzima, haijatumika.

Ilipata saa kumi na nusu tulipomwona. Alikuwa amekaa juu kabisa, kwenye jiwe, mikono juu ya magoti, ameinama mbele. Kitenge cha njano alikuwa amekilowesha maji ya kunywa akakifunga puani na mdomoni. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka kwa kila pumzi, na ile filimbi ya kifuani niliisikia kabla sijamfikia. Nilimpa pampu. Ilinichomoka mkononi, ikaanguka. Aliiokota mwenyewe, akaifuta, akaitikisa, akapuliza. Akangoja. Akapuliza tena.

Tulikaa tukimsikiliza anavyopumua, pumzi baada ya pumzi, mpaka filimbi ikapungua. Moshi ulikuwa umegeuka upande wa pili. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa ameuona ukija, akajifunga, akajilazimisha kupumua polepole kama alivyofundishwa zahanati.

Neno lake la kwanza lilikuwa la kugomba.

"Mlikuwa wapi ninyi? Nimefika hapa tangu saa saba. Nimewangoja kileleni mpaka nikaanza kudhani mmepotea. Nilikuwa na wasiwasi mkubwa na ninyi."

Mabula alinitazama. Mimi nilitazama chini, na ndipo nikaona mawe matatu aliyoyapanga mbele yake, moja moja, kwa utulivu wa mtu mwenye nafasi.

"Nilipanda hatua kumi, napumzika," alisema. "Hatua kumi, napumzika. Nilikuja kutafuta dawa, lakini nilipofika nusu nikaona, mbona huku kupanda nakuweza?" Akageuka, akauonyesha mlima wetu, uliokuwa umesimama nyuma yake mkubwa, jua likiwa ubavuni. "Na ule mrefu kule unaitwaje?"

Mabula aliugeukia.

"Ule nao ni Musozi," alisema.

Jumapili, wakati wa kuaga, Mzee Gervazi aliuliza kama tumekipata tulichofuata. Regina alimjibu haraka kabla yetu, kwamba amepanda mlima.

"Ni kweri," mzee alisema. "Amepanda umusozi. Niriambiwa."

Tulimweleza Regina yote tukiwa njiani kurudi Kasulo, kwenye kivuli cha migomba tulikoketi kunywa maji. Niliogopa atakasirika, kwa sababu ya mlima na kwa sababu ya pampu. Nilimwomba radhi. Nilimwambia kwamba nimezoea kumwogopea kiasi kwamba siku ile niliubeba uhai wake kwenye mkoba wangu nikauondoa alipo, nikaona ndiyo mapenzi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Salma," aliuliza, "yaani nilikuwa nawauliza watu, samahani, Mlima Mlima uko wapi?"

"Ndiyo."

Akaanza kucheka. Alicheka akiwa ameinama, machozi yanamtoka, mpaka cheko likageuka kikohozi, na kikohozi kikazidi. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye mkoba, ukapekua bandeji, ukapekua daftari, na haukukuta kitu. Nilipoinua macho, Regina alikuwa ameshaitoa pampu mfukoni mwake, ameishika, ananitazama, anaendelea kucheka.