Kiti cha Mama Dukani kwa Bi Mwanaisha

Mjukuu wangu amenunua mashine ya umeme ya kuchomea wafo, ile mikate ya vishimo vishimo, na tangu siku hiyo sina amani ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Akiiwasha tu, ile harufu ya siagi na iliki juu ya chuma cha moto ikanifikia, mimi hutoka uani nikasingizia kwamba naangalia nguo kambani. Ananicheka, anasema bibi anaogopa mashine. Mwacheni acheke. Ninyi nitawaambia.

Mjini Iringa, miaka ya hamsini, mimi nikiwa mtoto niliyeng'oka meno ya mbele, palikuwa na kiduka karibu na mahali liliposimama basi la kutoka Mbeya. Mwenyewe alikuwa Bi Mwanaisha, mjane wa Kiislamu ambaye wazee wake walitoka pwani, mwenye mikono minene na sauti ya upole. Marehemu mumewe alikuwa mpishi wa Wazungu wenye mashamba, nao walipohama walimwachia vitu viwili ambavyo wengi pale mjini hawakujua ni vya nini: chuma cha kuchomea mikate chenye mipini mirefu, na ndoo ya mbao ya kutengenezea aiskrimu. Barafu aliigandisha kwenye jokofu la mafuta ya taa, akaiponda, akaichanganya na chumvi ya mawe kuzunguka mkebe wa maziwa, kisha akaketi akizungusha mpini huku midomo yake ikinong'ona dua. Bibi yangu mzaa mama, mkulima wa Kilolo, aliposikia kwamba watu wa mjini wanakula barafu, alicheka mpaka akashika mbavu. Kwao, asubuhi za mwezi wa saba, barafu waliikanyaga shambani bure.

Mama yangu hakujali maneno hayo. Jumamosi alasiri alinishika mkono, upepo ukituuma masikio, tukaenda kula kitu cha baridi kuliko upepo wenyewe. Bi Mwanaisha aliutoa mkate kwenye chuma ukiwa moto, mwembamba, umegawanyika vyumba vidogo vidogo, akauwekea donge la aiskrimu juu, nalo likaanza kuyeyuka na kuingia chumba hiki na kile. Sisi tuliuita mkate wa vyumba. Mama alikuwa na kiti chake, kile kilichotazama barabarani, na alikuwa na sheria yake: chumba kimoja cha pembeni lazima kibaki sahanini.

"Hicho cha mgeni," alisema. "Nyumba isiyobakiza kitu haitembelewi."

Nilikitazama hicho chumba cha mgeni kwa uchungu, maana mgeni mwenyewe sikumwona akija hata siku moja.

Kisha mama akawa na tumbo kubwa, na asubuhi moja nikapelekwa Kilolo kwa bibi bila kuelezwa sababu. Haukupita muda bibi naye akaniacha kwa majirani, na aliporudi sauti ilikuwa imemkauka. Alisema ni mafua. Nilikaa huko mpaka mahindi niliyoyakuta mabichi yakakauka yote. Niliporejeshwa mjini mama hakuwepo, wala mtoto niliyeahidiwa hakuwepo. Baba, seremala, mtu wa maneno machache, alikuwa amenyoa kipara. Nikamuuliza nywele zake zimekwenda wapi, akasema chawa. Shangazi yangu, dada yake baba, naye kipara, naye chawa. Niliogopa, nikawa najikuna kichwa kutwa. Na mama je? Mama amekwenda Mbeya, hospitali kubwa. Akipona atarudi na basi.

Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Mtoto mdogo hakuambiwa kifo. Hakuonyeshwa jeneza, hakupelekwa makaburini. Watu wazima walikubaliana neno moja, na mtaa mzima ukalishika kama amri. Hata mwalimu wetu wa katekisimu aliniambia nimwombee mama apate nafuu huko Mbeya, na alikuwa mtu anayetuchapa kwa uongo.

Jumamosi ya kwanza baba alinipeleka kwa Bi Mwanaisha, labda kwa kukosa pengine pa kunipeleka. Tulikaa, tukaletewa sahani zetu, nami nikasema mama naye awekewe yake pale kwenye kiti chake, kwa sababu basi la Mbeya lilikuwa halijafika. Bi Mwanaisha alimtazama baba. Baba alitazama sakafu. Kisha Bi Mwanaisha akaenda jikoni, akarudi na mkate wa vyumba wenye aiskrimu juu, akauweka mbele ya kiti kitupu. Basi likaja, wakashuka watu na kuku na magunia, mama hakushuka. Aiskrimu ikayeyuka. Baba akanirudisha nyumbani, akaniacha na shangazi, mwenyewe akaenda alikokwenda.

Jumapili baada ya misa nilipita dukani nikachungulia. Sahani bado ilikuwa mezani, haijaoshwa. Mkate ulikuwa umeliwa wote, isipokuwa kipande kimoja cha pembeni. Chumba cha mgeni. Nani mwingine mjini angejua kubakiza kile chumba? Mama alikuwa amekuja, amekula, amerudi kwa daktari wake Mbeya. Sikumwambia mtu, kwa kuogopa kwamba nikisema hatakuja tena.

Ikawa hivyo kila wiki. Jumamosi sahani inawekwa, Jumapili naikuta imeliwa, chumba cha pembeni kimebaki. Nikaanza kumhisi. Nilikigusa kile kiti nikakiona kina joto. Nilinusa mafuta ya nazi aliyojipaka nywele, nikageuka, nikaona pazia tu likicheza. Shangazi alisema nimekonda na macho yamekuwa makubwa. Lakini mimi nilikuwa na furaha ya aina yake, ile furaha ya mtu anayeamka usingizini akidhani ameitwa.

Jumamosi moja nilisahau sweta langu dukani. Jua lilikuwa linazama, baridi imeanza kukaza, nikarudi mbio kulichukua. Mlango ulikuwa umerudishwa. Nilichungulia upenyoni, nikamwona baba. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mama, mbele ya sahani ya mama, anakula. Alikula polepole, ameinama, na alipofika kwenye kile kipande cha pembeni akaacha, akaisogeza sahani.

Nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika maishani. Wala sikuelewa. Nilichokiona ni mwizi. Kumbe mama alikuwa anafika na njaa zake za safari anakuta baba amemaliza, amebakiziwa chumba kimoja kama ombaomba, ndiyo maana anarudi Mbeya bila hata kuja kuniona. Niliondoka bila sweta. Wiki nzima sikumsemesha baba, wala yeye hakuuliza. Alinipikia ugali, nikala nimempa mgongo.

Jumamosi iliyofuata niliibeba sahani ya mama, nikaipakata mapajani, nikasema sitoki mpaka mwenyewe aje. Basi likafika. Nilimkagua kila mwanamke aliyeshuka, hata wazee. Basi likaondoka, vumbi likatulia. Aiskrimu iliyeyuka ikanichuruzikia miguuni, nikaganda na baridi, lakini sikuiachia sahani. Baba alijaribu kuichukua, nikamwambia wewe ni mwizi, unamlia mama chakula chake. Watu wawili watatu waliokuwa dukani wakatoka kimya kimya.

Bi Mwanaisha alikuja akachuchumaa mbele yangu.

"Veronika mwanangu, baba yako hajamwibia mtu," alisema. "Chakula alichotengewa mtu asiyeweza kuja hakitupwi. Huliwa na watu wake."

Nikamuuliza kwa nini mama hawezi kuja. Akainua macho kwa baba, na safari hii baba hakutazama sakafu.

"Mbeya hayupo," baba akasema. "Hakwenda."

Alikaa kwenye kile kiti, akanivuta karibu pamoja na sahani niliyoipakata, akaumega mkate vipande viwili. Mkate ulikuwa umelowa, una chumvi, sijui ya barafu au ya nani. Tulikula wote, mimi na yeye, mpaka pembeni. Chumba cha mwisho nilikiacha mimi. Baba alikitazama kipande kile, akafunika uso kwa mikono yake yenye harufu ya mbao, na ndipo nilipojua kichwa chake hakikuwa kimenyolewa kwa sababu ya chawa.

Wengine walikuwa wamekwisha kulia, wakala chakula cha matanga, wakatawanyika. Matanga yangu yalikuwa hayo, ya mkate wa vyumba na aiskrimu iliyoyeyuka.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ule uongo ulitungwa kwa ajili yangu. Nilikuja kuolewa, nikafiwa na mume, ndipo nikamwelewa baba. Katika mji mzima mtu pekee aliyekuwa bado anamngoja mama alikuwa mimi. Baba alikuja jioni kukaa mahali ambapo mke wake alikuwa bado anatarajiwa, na chakula chake kipo mezani. Nilipomwita mwizi, nilimfungia mlango huo. Sijilaumu, nilikuwa mtoto. Ila naumia.

Kaburi la mama liko Iringa. Nimelifyeka mwenyewe, nimelijengea, na baba amelala ubavuni pake. Mambo hayo nayajua vizuri kabisa. Lakini kila nikienda Mbeya kumsalimia binti yangu, basi likisimama, kabla sijachukua mzigo wangu huwatazama kwanza wanawake waliosimama kungoja kupanda gari la Iringa. Nawapitia mmoja mmoja. Mama alikuwa na miaka ishirini na kitu, mimi sasa ni ajuza mwenye mkongojo, na bado natafuta uso wa msichana.