Miguu ya Mtunza Maabara

Mimi ni mtunza maabara wa shule ya sekondari. Miaka nenda rudi nimewaonya wanafunzi kuhusu pamanganeti ya potasiamu kwa sauti ya mtu asiyekosea. Fuwele zake ni nyeusi, zina mng'ao wa zambarau, na punje chache tu hugeuza ndoo nzima ya maji kuwa ya waridi. Huua vijidudu, lakini ikizidi huunguza hata ngozi.

Basi fangasi wakanishika vidole vya miguu, na wazazi wa mchumba wa binti yangu walikuwa wanakuja mchana kutufahamu. Asubuhi nikaloweka miguu kwenye beseni la maji yenye fuwele hizo. Mke wangu akauliza mbona maji meusi hivyo. Nikamweleza, kwa dharau ya kitaalamu, kwamba dawa ina kipimo chake. Kipimo chenyewe nilikuwa nimekichota kwa kijiko cha chakula.

Miguu ilitoka zambarau. Ilipokauka ikawa kahawia hadi vifundoni, kama soksi. Hapo ndipo nikakumbuka ninachowafundisha watoto wa watu: ikishamaliza kazi huacha mabaki ya kahawia yasiyoyeyuka majini. Nikasugua kwa sabuni, kwa jiwe, kwa brashi ya viatu. Iliyotakata ni brashi.

Asidi huyalegeza mabaki hayo, kwa hiyo nikakamua ndimu zote za jikoni. Nilichosahau ni nyufa za katikati ya vidole. Nilipotumbukiza miguu niliruka, beseni likapinduka, na wageni wakaingia wakanikuta nimesimama kwenye dimbwi sebuleni, suruali imekunjwa hadi magotini. Binti yangu akakimbilia jikoni kujificha.

Baba wa kijana ni fundi wa kupaka nyumba rangi. Aliinama, akaitazama miguu yangu kwa utulivu wa mtu aliye kazini.

"Mwenzangu, hii rangi umepiga mikono mingapi?"

"Mmoja tu," nikasema.

"Basi imeshika."

Kicheko cha kwanza kilitoka jikoni, kwa binti yangu. Baada ya hapo hakuna aliyekumbuka kuwa mgeni, na mazungumzo niliyoyaogopa wiki nzima yakaisha kabla chai haijapoa.

Rangi iliniganda mpaka ngozi ilipobanduka. Mwezi uliofuata baba wa kijana alikuja kutupakia sebule rangi, nami nikajitolea kumsaidia. Akanivutia kiti karibu na dirisha, akaniomba nikae nimpigie hadithi.