Amino ya Kopo la Majarini

Mama yangu hajawahi kumpa mtu mursik, maziwa yetu ya mgando, bila kuionja kwanza. Hufungua kibuyu, humimina kidogo kwenye kifuniko, hunywa mbele yako, ndipo anakujazia kikombe. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni ulafi. Nilipomuuliza aliniambia kwamba ukimpa mtu kitu cha kuingia tumboni, tumbo lako litangulie. Kisha akanituma kuni.

Miaka ile ninayoieleza nilikuwa mkimbiaji wa mita elfu kumi. Sikuwa wa kutisha, lakini nilikuwa wa kutosha kuota. Kila mwaka kulikuwa na mbio za mchujo, na sita wa kwanza walichukuliwa kambini, wakapewa kazi ya sare, polisi au jeshini, na mshahara wa kila mwezi. Kwetu, kwenye mteremko mmoja karibu na Sosiot, tulikuwa na majani chai ya kuchuma wiki nzima na ng'ombe wawili, na baba alikuwa ameshafariki. Ile sare ndiyo ingemtoa mama shambani. Mwaka wa kwanza nilimaliza wa nane. Mwaka wa pili nikamaliza wa tisa, nikarudi nyumbani kwa hasira hata sikusalimia watu.

Aliyenifuata kunituliza alikuwa motiriot wangu. Kwetu sisi Wakipsigis, motiriot ni yule mtu mzima anayekulea ukiwa jandoni. Ya kule ndani hayasemwi, nami siyasemi. Ninachoweza kusema ni kwamba kwa mwezi mzima wa Desemba mtu huyo ndiye baba yako na ndiye mama yako, na ukishatoka, heshima hiyo haiishi. Ukikutana naye njiani unampisha. Akikuita unaitika. Akikupa kitu unapokea kwa mikono miwili, wala huulizi ni nini.

Wangu alikuwa amekimbia ujanani, na sasa alikuwa na jimu nyuma ya kinu cha posho. Vyuma vyake vilikuwa mabomba yaliyotiwa saruji kwenye makopo ya rangi pande zote mbili, na tairi moja la trekta. Wakimbiaji tulikuwa tunapitia pale jioni tukitoka kukimbia kwenye barabara za murram katikati ya mashamba ya chai. Siku hiyo alinikalisha kwenye tairi akaingia ndani, akarudi na kopo la majarini lililooshwa vizuri. Ndani mlikuwa na unga mweupe.

"Shida yako si pumzi," akaniambia. "Shida ni recovery. Unakimbia leo, kesho misuli bado inalia. Hii ni amino. Kijiko moja kabla ya mazoezi, moja baadaye. Na hiyo mursik ya mama uache kwanza. Inajaza tumbo tu, amino inakosa njia."

Ingekuwa ni duka la mjini Kericho ningeuliza mengi. Mimi ni mtu wa kubishana na wauza duka hadi wanichoke. Ningegeuza kopo nisome nyuma, ningetaka kujua sili iko wapi, ningeuliza kwa nini amino inakaa kwenye nyumba ya majarini. Lakini motiriot haombwi risiti. Nikanyoosha mikono yote miwili nikapokea, nikasema asante, nikaondoka nikiwa nimelikumbatia.

Mama aliliona siku hiyo hiyo, kwa kuwa hakuna kopo linaloingia jikoni mwake asilijue.

"Hii ni nini?"

"Ni amino, Mama. Ni kama protini."

"Nani amekupa?"

"Ni mambo ya mazoezi tu."

"Huyo mwenye kukupa, ameionja?"

Nikacheka. Nakumbuka kicheko hicho vizuri kuliko ninavyokumbuka mbio nyingi. Nilimwambia dunia imeendelea, na kwamba amino haionjwi kama maziwa. Jina la mtu sikulitoa, maana motiriot alikuwa ameniambia mambo ya wanaume hayapelekwi jikoni. Kila jioni Mama aliendelea kuniwekea kikombe changu cha mursik mezani, amekifunika kwa kisahani. Kila asubuhi alimmiminia mbwa. Mbwa wetu alinenepa sana mwaka huo.

Unga ulikuwa mchungu, na motiriot alinifundisha kuukoroga na juisi ya machungwa ya pakiti. Baada ya wiki tatu nilianza kuona maajabu. Miguu iliyokuwa ikiuma siku mbili baada ya mlima iliamka kama haikukimbia. Nilikuwa napanda mlima nikiongea. Siku hizi nimejielimisha, na najua kwamba amino ni vipande vya protini tu, vilevile vilivyomo kwenye maziwa, maharagwe na mayai. Inaweza kusaidia msuli upone kidogo. Haimchukui mtu wa tisa ikamfanya wa pili kwa miezi mitatu. Wakati ule sikutaka kujua. Kopo lilipoisha, siku moja niliingia jimu kabla ya kuitwa nikamkuta motiriot ameinama juu ya makopo mawili, moja la dukani lenye maandishi, jingine halina hata karatasi, anachota huku na huku. Nikarudi nyuma nikakohoa mlangoni, kama mtoto mwenye adabu. Hiyo aibu ni yangu, simtwiki mtu.

Mwaka huo nilimaliza wa pili.

Waliokuwa wanapima wakimbiaji kama wametumia dawa walinichukua kwenye mstari wa kumalizia hata jasho halijakauka. Nilitoa mkojo waliotaka, na kwenye fomu waliyonipa, pale walipouliza ninatumia nini, nikaandika AMINO kwa herufi kubwa. Niliandika kwa fahari kabisa. Wiki hiyo mama alichinja kuku wawili, na nilimwambia aanze kutafuta mtu wa kumchumia chai.

Ujumbe ulikuja kwenye simu baada ya mwezi na kidogo. Ndani ya mkojo wangu kulikuwa na dawa iliyokatazwa, jina refu ambalo hadi leo silitamki vizuri. Nilikimbia hadi jimu. Motiriot aliusoma ujumbe mara mbili, akanirudishia simu polepole.

"Hawa watu wamekosea," akasema. "Wewe usitaje mtu. Siku ya kuulizwa nitakuja mimi mwenyewe niwaeleze. Kijana haongei kabla ya mzee."

Niliamini. Kwa nini nisiamini? Huyu ndiye aliyenishika nikitetemeka nikiwa sijui kama nitakuwa mwanamume.

Mahojiano yalikuwa ya kupitia kompyuta, nami nikakodi kona kwenye saiba mjini. Nilivuta viti viwili. Cha pili kilikuwa chake, nikakipangusa vumbi kwa mkono wa koti langu. Saa ilipofika, watu watatu wa kusikiliza kesi yangu walitokea kwenye kioo, wakanisalimia, wakaniuliza kama niko na shahidi. Nikasema yuko njiani. Nilimpigia simu, ikawa imezimwa. Walinisubiri robo saa. Halafu wakaniuliza ni nani aliyenipa ile amino.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Lakini kumtaja motiriot wako mbele ya wageni, yeye hayupo, ni kitu ambacho kwetu hufanyi ukategemea kuishi vizuri. Laana yake haina dawa. Na bado nilikuwa nangoja mlango ufunguliwe. Nikasema nilinunua kwa mtu sokoni, simjui.

"Soko gani?"

"Chepseon," nikasema, kwa sababu Chepseon sina jamaa hata mmoja.

Walinifungia miaka minne. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia la mkuu, na guu likavunjika vilevile.

Bado nilimtetea moyoni. Nilijiambia labda alikuwa mgonjwa, labda simu iliibwa. Nilikuja kuacha siku moja kwenye kituo cha kupimia chai, tumepanga vikapu vyetu tunangoja lori. Alikuja na chai yake. Nikampisha kwenye foleni, nikainamisha kichwa kumsalimia, "Chamgei," akaitikia akaendelea mbele. Kisha nikamsikia akiwaambia wazee, bila hata kushusha sauti: "Hawa vijana hawana subira. Huyu nilimwambia ale ugali na mboga, yeye akaenda kemisti kujinunulia uchawi. Ameniaibisha."

Nilisimama pale kando ya kikapu changu nikahisi nimevuliwa nguo. Wazee walinitazama kwa huruma, na huruma ile ilinichoma kuliko matusi. Angeninyamazia tu ningeishi nayo. Lakini kuchukua kunyamaza kwangu, kitu nilichomtunzia kwa gharama ya kazi yangu na ya mgongo wa mama yangu, akakitumia kunizika nacho! Nilimchukia, na bado nilikuwa nimempisha kwenye foleni.

Baada ya kufungiwa, Mama aliniuliza mara moja tu ni nani aliyenipa kopo lile. Nikamwambia ni mtu wa Chepseon. Akaendelea kuchuma chai na goti lake bovu, nami nikachuma mstari wa pili.

Mwaka wa tatu wa kufungiwa kwangu, msichana mmoja kutoka upande wa Sigor, aliyekuwa anafanya mazoezi kwa motiriot, alirudi na ushindi. Watu wakapanga kumpokea kwenye uwanja wa shule ya msingi, na mshindi hapokewi bila mursik. Akina mama wa kanisa wakaja kumwomba mama yangu, kwa sababu hakuna mwenye mkono kama wake. Nilitaka akatae.

"Mtoto wa watu amekimbia vizuri," akasema. "Anywe nini, soda?"

Alisafisha kibuyu, akakipaka mkaa wa mti wa senetwet, na siku ilipofika akaniambia nikibebe maana yeye anatembea polepole. Nikafika mbele kabla yake. Msichana alikuwa amesimama na shada la maua shingoni, na motiriot kando yake amevaa koti la suti. Nikanyoosha kibuyu kwa mikono miwili. Msichana akakipokea, akakipeleka mdomoni.

"Ngoja," motiriot akasema, akamshika mkono. Akanitazama. "Wewe onja kwanza."

Watu waliokuwa karibu walicheka, kwa kuwa ni desturi, na mama angeonja bila kuambiwa. Lakini macho ya motiriot hayakuwa ya desturi. Alinitazama kama unavyomtazama mtu unayejua ana sababu ya kukudhuru.

Nikakichukua tena kibuyu, nikamimina kwenye kifuniko, nikanywa. Ilikuwa baridi, nzito, yenye ule uchungu mdogo wa mkaa. Tangu kufungiwa sikuwa nimethubutu kuigusa, kwa aibu. Nikapangusa mdomo, nikamrudishia msichana kibuyu, na nikasikia sauti yangu ikitoka kubwa kuliko nilivyopanga.

"Na ile amino uliyoniwekea kwenye kopo la majarini, Motiriot, wewe ulionja?"

Kicheko kilikatika. Nyuma yangu nilimsikia mama akifika, akihema, fimbo yake ikisimama. Msichana alishusha kibuyu, akamgeukia mwalimu wake, akangoja kama sisi sote tulivyongoja. Ingekuwa rahisi tu kwa motiriot kusema hakuwahi kunipa kitu.

"Motiriot haulizwi hivyo," akasema.

Mama akapita kando yangu, akachukua kibuyu mikononi mwa msichana, akamimina kwenye kifuniko, akanywa yeye mwenyewe, kisha akamrudishia.

"Kunywa, mama," akamwambia. "Hii tumeionja. Ile anayokupa huyu, muulize."