Mkataba wa Mwavuli, Manyovu

Mume wangu nilimpata kwenye darasa la siasa za kimataifa, mwaka wa kwanza chuoni Kasulu. Mwalimu alitugawa makundi mawili ya mdahalo. Mimi nikaangukia uhalisia, nadharia inayosema kila nchi hujitazama kwanza, kwa kuwa juu ya serikali zote hakuna serikali nyingine ya kuziamua. Yeye akaangukia uliberali: nchi zikifanya biashara na kuwekeana mikataba, zitaona hasara kupigana.

Kuongea anajua, hilo simnyimi. Babu yake alivuka kutoka Burundi akiwa mkimbizi, na yeye aliposema neno "ushirikiano", darasa zima lilimgeukia. Walitushinda vibaya. Nikamchukia.

Baadaye mwalimu akatupeleka Manyovu tukaone mpaka wenyewe wa Burundi. Tulipofika tu, mvua ikashuka. Wote tukajibana chini ya paa la wabadilisha fedha, isipokuwa yeye. Alisimama uwanjani chini ya mwavuli mkubwa, peke yake, kama balozi.

"Mheshimiwa," nikamwita, "ushirikiano umeuacha Kasulu?"

"Nikikukaribisha wewe, watakuja wote. Tutalowa sote."

Wenzangu wakaangua kicheko. "Huyo kahamia kundi lenu!" mmoja akaniambia.

Nilifungua mihogo yangu ya kuchemsha na karanga, nikaanza kula polepole, nikimtazama. Yeye hakubeba chakula chochote. Haukupita muda akasogea.

"Tuwekeane mkataba. Nusu mwavuli, nusu mihogo."

"Na ukiuvunja, nani atakushtaki?"

"Hakuna. Itabidi uniamini tu."

Niliingia. Mihogo aliimaliza zaidi ya nusu, na bega langu la kushoto lililowa chapachapa. Lakini nilicheka njia nzima ya kurudi, na wiki iliyofuata alinisubiri mlangoni mwa darasa na mihogo yake mwenyewe, mibichi katikati. Niliila hivyo hivyo.

Siku hizi anafundisha uraia sekondari, Kibondo, na tunaishi huko. Taarifa ya habari ikiisha redioni, yeye anasema mataifa yatapatana, mimi nasema hayapatani, mpaka chakula kinapoa. Juzi jirani alibisha hodi akiwa na wasiwasi.

"Jamani, mama, mnagombania nini?"

"Nchi za watu," nikamwambia. "Karibu ule."

Akaketi, akasikiliza kidogo, kisha akachukua upande wa mume wangu.